Glasgow 2026 haina marathoni: medali za Tanzania zitatoka wapi?

Mkazi wa Kizota, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa riadha na ngumi, kwa sababu nina swali ambalo limenikalia kichwani tangu nilipoisoma programu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola itakayofanyika Glasgow kuanzia tarehe 23 Julai hadi tarehe 2 Agosti 2026. Waandaaji wamebana gharama, wakabakiza michezo 10 tu, na katika riadha wamechukua mashindano ya ndani ya uwanja peke yake. Marathoni haimo.

Kwa mataifa mengi hiyo ni habari ya kupita. Kwetu Watanzania ni sawa na mwenye kibanda kimoja kuambiwa kwamba barabara mpya itapita hapo hapo kilipo. Nilikaa nikaziandika pembeni mwa gazeti medali zote za dhahabu tulizowahi kupata katika Madola, na kazi hiyo haikunichukua hata dakika tano: Filbert Bayi, mita 1500, Christchurch 1974, Gidamis Shahanga, marathoni, Edmonton 1978, Shahanga tena, mita 10,000, Brisbane 1982, bondia Michael Yombayomba, Kuala Lumpur 1998, Francis Naali, marathoni, Manchester 2002, na Samson Ramadhani, marathoni, Melbourne 2006. Ni sita. Tatu ni za marathoni, moja ni ya ulingoni, na mbili ni za uwanjani, ambazo ya mwisho imepita zaidi ya miaka 40. Aliyeishangilia akiwa darasa la kwanza huenda leo ana wajukuu.

Baada ya Melbourne, ambako Fabiano Joseph naye alipata shaba ya mita 10,000, tulikwenda Delhi 2010, Glasgow hiyo hiyo 2014 na Gold Coast 2018, na mara zote tatu tulirudi mikono mitupu. Ndipo ikaja Birmingham 2022. Alphonce Simbu alipata medali ya fedha ya marathoni kwa saa 2:12:29, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda, na mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakaleta shaba mbili. Tuliwapokea kwa shangwe, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa najiuliza kama tulishangilia mwanzo wa jambo au tulishangilia kwisha kwa ukame wa miaka 16 tu, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti.

Msinielewe vibaya. Septemba 2025, Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, nilikuwa macho kabla ya adhana ya alfajiri, simu nimeiegemeza kwenye sufuria ili mwanga usimwamshe mtoto. Sijawahi kujivunia bendera yetu kiasi kile. Lakini Simbu hawezi kukimbia marathoni Glasgow kwa kuwa marathoni haipo, na swali langu linaanzia hapo. Kwanza, medali tatu za Birmingham ni mafanikio kweli? Pili, kwa nini nchi iliyomtoa Bayi na Shahanga imebaki kuwa nchi ya barabarani? Tatu, Glasgow tutegemee nini?

---

Mwalimu wa Michezo, Manyara

Ndugu wa Kizota, umeuliza swali la pili nami nitakaa hapo hapo, kwa kuwa ndilo ninaloishi nalo kila siku saa kumi jioni.

Sisi wa huku juu, Mbulu, Hanang, Babati na Karatu, tunaambiwa kila mara kwamba tuna damu ya kukimbia, na majina yanatajwa kama tasbihi. Bayi alizaliwa Karatu. Mzee John Stephen Akhwari anatoka Mbulu. Ngoja niseme jambo moja kumhusu Mzee Akhwari, ingawa linanitoa kidogo nje ya mstari. Dunia nzima inamkumbuka kwa marathoni ya Mexico City 1968, alipoanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho akiwa amefungwa bandeji na giza limeshaingia. Habari hiyo imesimuliwa mpaka imekuwa mto wa kulalia: kila tukishindwa tunasema muhimu ni kumaliza. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Madola ya Edinburgh 1970, mzee huyo huyo alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2:15:05? Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepata ajali, nasi tukaishika ajali tukaacha uhodari.

Sasa nirudi kwenye swali. Tumebaki barabarani kwa sababu barabara haihitaji kujengewa chochote. Anayejiandaa kwa marathoni anahitaji raba, miinuko, mtu wa kumwangalia muda na tumbo lililoshiba. Anayejiandaa kwa mita 1500 anahitaji hayo yote, kisha anahitaji uwanja wenye kipimo, njumu za kukimbilia, na mashindano ya mara kwa mara dhidi ya watu wanaomzidi, kwa sababu mbio za kati hujifunzwa kwa kusukumana bega kwa bega. Kijana wetu hupata mashindano hayo mara moja kwa mwaka, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikifika, na kama mkoa haukumchagua basi hayapati kabisa.

Niwaonyeshe uwanja wetu, wa sekondari ya kata. Ni uwanja wa mpira wa miguu, na njia ya kukimbilia imezungushwa nje ya magoli. Mistari tunaichora kwa chokaa tukiwa nayo, na chokaa ikikosekana tunatumia majivu ya jikoni, ambayo upepo wa mchana huyabeba kabla ya mbio za jioni kuanza. Ng'ombe wa jirani wana haki ya kupita tangu kabla shule haijajengwa, na kona ya mashariki ina miiba ya mgunga ambayo wanafunzi wanaokimbia peku wameshaijua mmoja mmoja. Muda naupima kwa simu yangu.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyenipa matumaini makubwa. Nyumbani alikimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 2, si mara moja, mara tatu katika majuma mawili. Nikapiga simu kila mahali kwa majivuno. Tulipompeleka kwenye mashindano, kwenye uwanja wenye tartani, yaani njia ya kukimbilia ya mpira, akakimbia kwa dakika 4 na sekunde 20. Sekunde 18 zilipotelea njiani. Tulisema ni uchovu wa basi, tukasema ni joto la bondeni, na mwenzangu mmoja akamwambia usoni kwamba hana moyo wa mashindano. Mwaka uliofuata aliacha mbio za uwanjani. Sasa anakimbia kilomita 21 za barabarani, ambazo siku hizi zipo karibu kila wikendi, na akiingia katika kumi bora anarudi na bahasha. Nani angemlaumu? Mita 1500 hazijawahi kumpa mtu wa kwetu hata nauli ya kurudia.

Kwa hiyo mkimbiaji wetu anaingia barabarani akiwa na miaka 18 au 19, kabla kasi yake haijakomaa. Wachache sana, wenye kipaji na uvumilivu kama Simbu, na wenye mwajiri anayewaachia nafasi ya kufanya mazoezi kama jeshi letu, JWTZ, linavyofanya kwake, ndio wanaofika mbali. Wengine wanaishia kwenye bahasha ndogo ndogo mpaka magoti yanakataa.

---

Kocha wa Temeke

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa wote. Mimi ni mtu wa ngumi za ridhaa, kwa hiyo nitasema ya ulingoni.

Watu wengi hawajui namna medali ya shaba ya ngumi inavyopatikana, na kutojua huko kunatufanya ama tuzikuze mno shaba zetu ama tuzidharau. Katika mashindano hayo hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu. Mabondia wawili wanaoshindwa nusu fainali wote hupewa shaba. Maana yake ni kwamba Mbundwike na Changalawe, kila mmoja katika uzito wake, walifika nusu fainali na wakashindwa hapo, na ngazi kabla ya nusu fainali hutegemea ukubwa wa kundi na bahati ya droo. Bondia mmoja anaweza kupigana mara tatu kabla ya kuigusa shaba, na mwingine akaipata baada ya pambano moja. Sisemi haya ili kuwapunguzia heshima vijana wale; raundi tatu mbele ya watu waliofanya kambi ya mwaka mzima si mchezo. Ninasema ili tusihesabu shaba kama mifuko ya saruji, kwamba mbili ni mbili.

Swali lako kama Birmingham ni mafanikio nalijibu hivi: ni mafanikio ya mabondia na makocha wao, na yangekuwa mafanikio ya nchi kama Jumatatu iliyofuata kungekuwa na vijana wengine kumi nyuma yao katika kila uzito wanaogombea kuwatoa. Timu yetu ya taifa tunaiita Faru Weusi wa Ngorongoro, jina zuri kweli kweli, ila faru mweusi ni mnyama anayehesabiwa mmoja mmoja, na mabondia wetu wa ridhaa wenye kiwango cha kimataifa nao unaweza kuwahesabu hivyo hivyo.

Wanakwenda wapi? Wanakwenda ngumi za kulipwa. Septemba 2018, katika mji huo huo wa Birmingham, Hassan Mwakinyo alimpiga Sam Eggington mbele ya mashabiki wa Mwingereza huyo, na tangu usiku ule hakuna kijana anayeingia kwenye jimu yangu bila kuniuliza ataanza lini kulipwa. Ninamwelewa. Nilikuwa na kijana mmoja mwenye mkono wa kushoto unaofika kabla hujauona unatoka. Alikuwa akija jimu kwa miguu kutoka Mbagala akiwa na glavu amezifunga kamba shingoni. Nilimwomba asubiri miaka miwili apate mapambano ya nje akiwa wa ridhaa. Akaniambia, "Kocha, mwenye nyumba hasubiri." Majuma matatu baadaye alipigana raundi nne za kulipwa kwa fedha ambayo sitaitaja hapa kwa kumsitiri, akavunjika kidole, na mkono ule haujawahi kurudi kuwa ule.

Glasgow ngumi zimo, nami naamini ndiyo njia yetu ya karibu zaidi ya kupanda jukwaani. Lakini bondia haandaliwi kwa kambi ya majuma sita kabla ya ndege kuondoka. Anahitaji kupigwa na watu asiowajua. Akipigana na wale wale wa jimu moja mwaka mzima, ulingo wa ugenini utamchanganya hata kwa urefu wa kamba.

---

Mama Muogeleaji, Dar es Salaam

Naomba niingie kwa ufupi, maana kila mjadala wa aina hii unapofanyika hapa, waogeleaji tunatajwa kama watalii wanaolipiwa tiketi na serikali.

Olimpiki ya Paris 2024 tulipeleka wanamichezo saba: wanne wa marathoni, mmoja wa judo ambaye ni Andrew Mlugu, na waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Miaka mitatu kabla, Tokyo, walikuwa watatu tu na wote walikuwa wa marathoni. Mtu anaweza kusema kwamba waogeleaji wanaingia Olimpiki kwa nafasi maalumu zinazotolewa kwa nchi changa katika mchezo huo, na ni kweli. Lakini Glasgow kuogelea kumo na judo imo, marathoni haimo. Tukiendelea kuwacheka walio katika michezo mingine, siku kama hii ikifika tunakuwa hatuna pa kusimama.

Binti yangu ana miaka 14. Anafanya mazoezi katika bwawa la mita 25, ambalo ndilo tunaloweza kulilipia. Katika mita 100 anageuka mara tatu, na kila akigeuka anausukuma ukuta kwa miguu na kupata kasi ya bure. Akienda kwenye bwawa la mita 50 anageuka mara moja tu, na muda wake unaongezeka. Mara ya kwanza alitoka majini akilia, akidhani kwamba ameshuka kiwango, mpaka kocha alipokaa naye chini akamfafanulia hesabu ile. Nimeukumbuka mkasa huo baada ya kumsoma Mwalimu.

---

Jirani wa Eldoret

Hamjambo majirani. Nimesoma kwa makini, na naomba mniruhusu niseme kama mtu anayewatazama kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mapenzi.

Birmingham 2022 Kenya ilipata medali 21: dhahabu 6, fedha 5 na shaba 10, na moja ya dhahabu hizo ilikuwa ya Ferdinand Omanyala katika mita 100, mbio ambazo hata sisi wenyewe hatukuzoea kuziota. Uganda ilipata 5 peke yake, lakini tatu zilikuwa za dhahabu: Kiplangat katika marathoni, na Jacob Kiplimo katika mita 5000 na mita 10,000. Kwa hiyo msitumie idadi yetu kujipima. Jipimeni na Uganda, kwa sababu wao walikuwa na hali inayofanana na yenu si zamani sana.

Tazameni Uganda walifanya nini. Joshua Cheptegei alianza kukomaa uwanjani. Olimpiki ya Tokyo alipata dhahabu ya mita 5000 na fedha ya mita 10,000, ndipo mwishoni mwa 2023 akakimbia marathoni yake ya kwanza, halafu akarudi uwanjani Paris akachukua dhahabu ya mita 10,000. Kiplimo naye alianzia uwanjani. Peruth Chemutai ni mwanamke wa kuruka viunzi na maji, mbio ambazo huwezi kuzifanyia mazoezi barabarani hata ukitaka. Kwao barabara huja baada ya uwanja, na kasi iliyojengwa ukiwa kijana ndiyo akiba unayoila kilomita ya 40. Ninyi mnaanza kula akiba kabla ya kuiweka. Na hili mlilijua kabla yetu sote! Shahanga alishinda marathoni Edmonton, miaka minne baadaye akashinda mita 10,000 Brisbane, na siku chache baada ya hapo akaingia tena marathoni pamoja na Juma Ikangaa, wakaongoza mbio kwa kilomita nyingi, mpaka Robert de Castella wa Australia alipowafikia na kumshinda Ikangaa kwa sekunde 12 tu. Miguu ni ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu akilitaja. Glasgow mita 1500 hazitakuwapo. Badala yake kutakuwa na mbio za maili moja. Wazee wa huku bado wanaisimulia fainali ya Christchurch, kwa sababu Ben Jipcho wetu alikuwamo. Jipcho alishinda dhahabu mbili katika michezo ile, ya viunzi na maji na ya mita 5000, lakini katika mita 1500 Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuna aliyemwona tena usoni: 3:32.16, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand wa pili, Jipcho wa tatu, na wote wawili walikuwa wamekimbia kasi ambayo karibu mwaka mwingine wowote ingewapa dhahabu. Mwaka uliofuata, jijini Kingston, Bayi akaweka rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3:51.0. Maili inarudi Madola, nanyi ndio wenye jina hilo, halafu mnajadili kama mtaweza kupeleka mtu!

Mwisho, Mwalimu. Sekunde 18 katika mita 1500 si uchovu wa basi. Nimeona vijana wakisafiri usiku kucha wamesimama, wakapoteza sekunde tatu au nne. Mama Muogeleaji amekaribia kulisema. Uwanja wenu umewahi kupimwa?

---

Mkazi wa Kizota, Dodoma

Nawashukuru sana. Nimejifunza zaidi ya nilichouliza.

Kocha, suala la shaba sikulijua, na nakiri kwamba nilikuwa nimezihesabu kama mifuko ya saruji hasa. Mama, nakuomba radhi, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliowahi kuandika hapa kuhusu watalii wa kuogelea. Jirani, asante, ingawa nitakuchokoza kidogo. Umesimulia Christchurch kwa ukarimu, ila hukutaja Moscow 1980, ambako tulipata medali mbili pekee tulizowahi kupata katika Olimpiki: Bayi, fedha ya viunzi na maji nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland, na Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Najua utasema kwamba Kenya haikuwapo kwa kuwa ilisusia, kwamba Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia ya viunzi na maji, hakukimbia.

---

Jirani wa Eldoret

Ndivyo hasa nilivyotaka kusema, lakini umeniwahi. Ila haki itendeke: nanyi mlimkosesha Bayi Olimpiki ya Montreal 1976, alipokuwa katika ubora wake, mliposusia pamoja na sisi na nchi nyingine nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Walker akashinda mita 1500 bila Bayi kuwapo. Kwa hiyo deni letu na lenu limefutana.

---

Kocha wa Temeke

Ndugu wa Kizota hajapata jibu la swali la tatu, nami sipendi swali libaki linaning'inia. Glasgow mimi ningetegemea medali moja ya ngumi kama droo itatupendelea, na nisingetegemea chochote uwanjani. Kama nitaaibika, nitafurahi kuaibika.

---

Mwalimu wa Michezo, Manyara

Jirani, swali lako lilinikosesha usingizi. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka nirudi na jibu.

Jumamosi niliazima tepu ya mita 50 kutoka kwa fundi anayejenga darasa letu jipya, nikachukua wanafunzi wanne, tukaupima uwanja sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, kama inavyotakiwa pale ambapo hakuna ukingo. Tulipima mara mbili kwa sababu sikuamini mara ya kwanza. Mzunguko mmoja ni mita 372.

Nilimuuliza mlinzi wa shule, ambaye yuko hapa tangu inafunguliwa, akanionyesha kona ya mashariki. Kulikuwa na mvua kubwa miaka ya nyuma, korongo likala ukingo wa uwanja, na mwalimu aliyenitangulia akaisogeza kona ndani ili watoto wasitumbukie. Alifanya jambo la busara. Lakini hakuna aliyesogeza mstari wa kuanzia, nami nikaurithi uwanja nikidhani ni wa mita 400.

Mita 1500 tulikuwa tunakimbia mizunguko mitatu na robo tatu. Kwa uwanja wetu hiyo ni mita 1395. Nimepiga hesabu ya yule kijana: mita 1395 kwa dakika 4 na sekunde 2, ukiendeleza kasi hiyo hiyo mpaka mita 1500, unapata dakika 4 na sekunde 20. Sekunde zile zile alizokimbia kwenye tartani. Hakuchoka na basi, wala hakukosa moyo. Nimemtumia ujumbe wenye hesabu yote. Amejibu kwa alama ya dole gumba, kisha baada ya saa nzima akaniuliza maili ni mita ngapi.

Ni mita 1609. Kwetu ni mizunguko minne na mita 121. Kigingi cha kuanzia nimekipigilia leo jioni, mita 121 kabla ya mstari wa kumalizia, jirani na mgunga, na miiba ya pale tumeifagia.